Spika zinazopendwa zinapotoweka sokoni: sababu zake na namna ya kuzilinganisha

GULWE ni kituo cha Reli ya Kati wilayani Mpwapwa, mkoani Dodoma, na historia yake inaonyesha jinsi jambo dogo linavyoweza kusimamisha jambo kubwa. Reli hiyo, iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, hupanda kutoka Kilosa kwa kufuata bonde la mto Mkondoa. Kipande cha Kilosa hadi Gulwe kimesombwa na mafuriko mara nyingi. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 maji yaliharibu njia hiyo kiasi cha kusimamisha safari za treni.

Wakati huo abiria hawakuwa wameichoka treni. Injini zilikuwapo, mabehewa yalikuwapo na wenye kulipa nauli walikuwapo. Kilichokosekana ni kipande kimoja cha njia.

Habari ya spika zinazopendwa na kisha kuacha kutengenezwa mara nyingi ni kama hiyo. Watu wengi hudhani kwamba bidhaa hutoweka sokoni kwa sababu imeshindwa na iliyo bora kuliko yenyewe, au kwa sababu wenye kiwanda wana hila ya kumlazimisha mteja anunue nyingine. Yote mawili hutokea. Lakini zipo spika zilizotoweka zikiwa bado zinatafutwa, na sababu ilikuwa karatasi, madini au kipuri kimoja kisichopatikana tena.

Si habari ya wapenda muziki wa Ulaya na Japani pekee. Chukulia kwaya ya kijiji katika ukanda wa Mpwapwa ambayo imechanga fedha za mavuno ya karanga na alizeti kwa misimu miwili, ikatuma watu Dodoma mjini kununua spika kama zile ilizozitumia kwa miaka kumi. Muuzaji anawaambia kwamba hizo hazitoki tena, ila wachukue hizi mpya ambazo ni “zilezile”. Kwaya hiyo inahitaji majibu ya maswali mawili kabla ya kutoa fedha: je, kweli ni zilezile? Na zikiharibika, je, nazo zitakuwa zimeshatoweka?

Kilichomo ndani ya spika

Ili kuelewa kwa nini spika hutoweka, ni lazima kwanza kufahamu kwamba kiwanda kinachoandika jina lake mbele ya boksi si lazima kiwe ndicho kilichotengeneza kila kilichomo ndani.

Spika ya kawaida ina sumaku, na katikati ya sumaku kuna koili ya waya mwembamba. Umeme wa muziki unapopita katika koili, koili husukumwa mbele na nyuma. Koili imebandikwa kwenye koni, aghalabu ya karatasi, nayo koni ndiyo inayosukuma hewa. Ukingo wa koni umeshikwa na mpira, kitambaa au sponji ili uweze kucheza bila kuchanika. Spika kubwa hutoa besi, na spika ndogo, ambayo mafundi huiita twita, hutoa sauti nyembamba. Kati yake kuna saketi inayogawa sauti, kila moja ikapata sehemu inayoifaa. Vyote hivyo hufungwa katika boksi ambalo ukubwa wake umepigiwa hesabu.

Karatasi inaweza kutoka nchi moja, sumaku nyingine, na gundi nchi ya tatu. Kubadilisha kimoja ni kubadilisha sauti. Koni ikiwa nzito zaidi kwa gramu chache, besi itakuwa tofauti. Twita ikiwa tofauti, saketi ya kugawa sauti nayo itabidi ipangwe upya. Ndiyo maana kiwanda makini kikikosa sehemu moja muhimu, mara nyingi huona ni afadhali kuifuta spika nzima kuliko kuendelea kuuza kitu kingine kwa jina lilelile.

Karatasi iliyokwisha

Mfano unaojulikana zaidi ni wa spika ya Kijapani, Yamaha NS-10. Ilitoka mwaka 1978 ikikusudiwa kwa wasikilizaji wa nyumbani, lakini majumbani haikusifiwa sana. Walioipenda ni mafundi wa studio za kurekodi. Koni yake nyeupe ikawa alama ya studio duniani kote katika miaka ya 1980 na 1990, na toleo lililoitwa NS-10M Studio likatengenezwa mahsusi kwa ajili yao.

Cha ajabu ni kwamba mafundi hao hawakuisifu kwa utamu. Sauti zake nyembamba zilikuwa kali kiasi kwamba baadhi yao walizoea kutundika karatasi laini ya chooni mbele ya twita ili kuipunguza makali. Waliipenda kwa sababu ilifichua makosa. Walisema kwamba wimbo ukisikika vizuri katika NS-10, utasikika vizuri katika redio ya gari na redio ya jikoni. Mwaka 2001 watafiti walioipima pamoja na spika nyingine za studio katika Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walieleza sehemu ya siri hiyo: boksi lake lililozibwa pande zote lilifanya besi yake ianze na kukoma haraka, bila kuvuta mkia.

Mwaka huohuo wa 2001 Yamaha iliacha kuitengeneza. Sababu iliyotolewa haikuwa kukosa wateja, bali kwamba massa ya mbao yaliyotumika kutengenezea ile koni nyeupe hayakupatikana tena. Koni hiyo haikufinyangwa kwa kalibu kama koni nyingi. Ilikatwa kutoka karatasi bapa, ikakunjwa na kuunganishwa kwa gundi. Bila karatasi ileile, isingekuwa spika ileile. Tangu hapo bei ya NS-10 zilizotumika imekuwa ikipanda, na wapo wanaotengeneza koni za kuiga ili kuwafaa wanaozimiliki.

Kobalti ya Kolwezi

Mfano wa pili uko karibu zaidi na Afrika Mashariki. Kwa miongo kadhaa sumaku zilizothaminiwa sana katika spika ziliitwa alniko, jina lililotokana na alumini, nikeli na kobalti zinazochanganywa na chuma. Kobalti nyingi ya dunia ilitoka, na hadi leo inatoka, katika eneo la Katanga nchini Kongo, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya mitaani. Reli inayopita Gulwe yenyewe ina historia na nchi hiyo: tangu mwaka 1921 Ubelgiji, iliyokuwa ikiitawala Kongo, ilikuwa na haki maalumu katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam kwa ajili ya mizigo ya koloni lake, na mizigo hiyo ilipita njia hii.

Mei 1978 waasi waliuteka mji wa madini wa Kolwezi, katika jimbo lililoitwa Shaba wakati huo, nchi ikiitwa Zaire. Wanajeshi wa Ufaransa walishuka kwa miavuli na mapigano yakaua watu wengi. Mafundi wa kigeni walikimbia na kazi migodini ikavurugika. Mahitaji ya kobalti yalikuwa tayari yakiongezeka, na hofu ya kuikosa ikapandisha bei kwa kasi. Bei rasmi ya wazalishaji, iliyokuwa chini ya dola saba za Marekani kwa ratili mwanzoni mwa mwaka 1978, ilifika dola 25 mwaka uliofuata, na katika soko huria ilizidi hapo.

Watengenezaji wa spika hawakuwa na ubavu wa kushindana na viwanda vya injini za ndege kununua kobalti. Wengi walihamia sumaku za feraiti, ambazo ni nzito na kubwa zaidi lakini hutengenezwa kwa malighafi ya bei nafuu ambayo msingi wake ni kutu ya chuma. Kampuni ya JBL ya Marekani, kwa mfano, ilibuni umbo jipya la sumaku ili feraiti ifanye kazi kwa usafi unaokaribia ule wa alniko. Spika yake kubwa ya studio, JBL 4343, ikawa 4343B ilipobadilishiwa sumaku.

Tangu siku hizo wapenzi wa spika duniani wamegawanyika. Wapo wanaoapa kwamba alniko ina sauti ya asili zaidi, na wapo wanaosema kwamba feraiti iliyobuniwa vizuri haina upungufu unaosikika. Wengi wao hawafahamu kwamba ubishi wao ulianzia katika mji wa migodi ambako watu walikuwa wakifa.

Historia hiyo imekwishajirudia. Baadaye zilikuja sumaku za neodimiamu, nyepesi na zenye nguvu sana, ambazo ziliwezesha kutengeneza spika kubwa za jukwaani zinazobebwa na mtu mmoja. China, inayozalisha sehemu kubwa ya madini hayo, ilipobana mauzo ya nje, bei iliruka hadi kilele mwaka 2011, na baadhi ya watengenezaji wakarudi kwenye feraiti. Kobalti nayo imerejea kwa mlango mwingine: mara nyingi imo ndani ya betri za spika ndogo za kuchaji zinazopeperusha muziki kutoka kwenye simu. Betri hiyo ikichoka, na kama boksi limegundishwa lisifunguke, spika nzima hutupwa hata kama koni na sumaku yake ni nzima.

Spika ya gari la matangazo

Mfano wa tatu ni LS3/5a, spika ndogo iliyobuniwa na Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wahandisi waliofanya kazi ndani ya magari ya matangazo ya nje, ambamo spika kubwa haikuwa na nafasi. Urefu wake ni sentimeta 30 hivi. Iliwekewa mkazo katika usahihi wa sauti ya mtu anayezungumza, kwa sababu kazi kubwa ya redio ni maneno.

BBC haikuitengeneza yenyewe kwa wingi. Ilitoa leseni kwa kampuni binafsi, zikiwamo Rogers, Spendor na Harbeth, nazo zote zilitumia spika za ndani kutoka kampuni moja tu, KEF. Hapo ndipo palipokuwa na udhaifu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilibidi muundo urekebishwe, na toleo la omu 15 likafuatwa na la omu 11. Mwishoni mwa miaka ya 1990 KEF ilipoacha kutengeneza sehemu hizo, kampuni zote zenye leseni zilikwama kwa pamoja, ingawa kila moja ilikuwa na wateja wake.

Baada ya miaka kadhaa spika hiyo ilifufuka. Kampuni ndogo ya Falcon Acoustics, iliyoanzishwa na mhandisi Malcolm Jones aliyekuwa KEF na kubuni sehemu za awali, ilianza kuzitengeneza upya kwa kufuata vipimo vya zamani. Somo lililopo ni kwamba spika inaweza kurudi pale tu mchoro na vipimo vyake vinapokuwa vimehifadhiwa, na awepo mtu anayejua kila kipande kilitengenezwaje.

Jina hubaki, mwenyewe huondoka

Zipo pia sababu za kibiashara. Spika inayodumu miaka 30 humfurahisha mnunuzi lakini haimrudishi dukani. Sheria nazo hubadilika: Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku risasi katika vifaa vya umeme kuanzia Julai 2006, viwanda vililazimika kubadilisha njia za kuunganisha saketi, na bidhaa zenye mauzo madogo hazikustahili gharama hiyo. Ladha za wateja pia zilihama kutoka maboksi makubwa mawili ya sebuleni kwenda kwenye sabufa yenye vispika vidogo, kisha kwenye spika ya kuchaji.

Watanzania wenye umri mkubwa wanalikumbuka hilo kwa majina ya redio. Matsushita ya Japani, ambayo betri na redio zake ziliitwa National, ilikuwa na kiwanda Dar es Salaam. Philips ya Uholanzi iliunganisha redio Arusha. Matsushita ilibadili jina kuwa Panasonic mwaka 2008. Philips iliuza biashara yake ya vifaa vya muziki kwa Gibson ya Marekani mwaka 2014, na Gibson ilipofilisika mwaka 2018, haki ya kutumia jina hilo ikaenda kwa kampuni nyingine, TPV. Kwa hiyo mnunuzi anayeona neno Philips juu ya spika leo haoni kazi ya watu walewale walioitengeneza redio ya baba yake.

Hilo ndilo jibu la kwanza kwa kwaya yetu. Jina lilelile halithibitishi kitu. Kinachothibitisha ni vipimo, na masikio yaliyotumiwa kwa utaratibu.

Namna ya kulinganisha bila kudanganyika

Wapenda spika wenye uzoefu hufuata kanuni chache ambazo hazihitaji mashine ya gharama.

Kanuni ya kwanza ni kutoamini wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Boksi nyingi za sabufa zinazouzwa Kariakoo na Dodoma zimeandikwa PMPO wati 5,000 au zaidi. Kipimo hicho hakina kiwango kinachotambulika. Kila kiwanda hukikokotoa kinavyopenda. Mnunuzi ageuze mgongo wa kifaa na kusoma umeme kinaoutumia. Kama kinavuta wati 60 kutoka ukutani, hakiwezi kutoa kwa kudumu hata hizo 60, kwa kuwa nyingine hupotea kama joto. Kipimo cha kuuliza ni wati za RMS.

Kanuni ya pili ni kusawazisha sauti. Sikio la binadamu huisifu spika inayopiga kwa nguvu kidogo zaidi, hata kama mwenye sikio hatambui kwamba ina nguvu zaidi. Aidha, tangu utafiti wa Fletcher na Munson wa mwaka 1933 inajulikana kwamba besi husikika kwa uwiano mkubwa zaidi sauti inapoongezwa. Muuzaji anayetaka spika fulani inunuliwe anahitaji tu kuiongeza kidogo. Kwa hiyo anayelinganisha spika mbili azirekebishe kwanza hadi zilingane kwa nguvu. Programu za kupima sauti zilizopo kwenye simu zinatosha kwa kazi hiyo, mradi simu iwe mahali pamoja.

Kanuni ya tatu ni kuzificha. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive wa kampuni ya Harman walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wasikilizaji walitoa alama kwa spika wakiziona, kisha bila kuziona. Zilipoonekana, ukubwa, bei na jina vilibadilisha alama. Zilipofichwa, hukumu ilikuwa tofauti. Wasikilizaji hao walikuwa wafanyakazi wa kampuni hiyohiyo. Shuka moja lililotundikwa na mtu mmoja wa kubadilisha waya vinatosha kufanya jaribio hilo hata katika ukumbi wa kanisa.

Kanuni ya nne ni kuziweka mahali pamoja. Spika ikisogezwa ukutani besi huongezeka, na ikiwekwa pembeni mwa chumba huongezeka zaidi. Spika mbili zilizo katika pembe tofauti za duka haziwezi kulinganishwa kwa haki.

Kanuni ya tano ni kusikiliza kitu unachokijua. Wahandisi wa BBC walikuwa wakilinganisha sauti ya spika na sauti halisi ya mtu aliyekuwa akizungumza studioni. Mkazi wa Dodoma ana vipimo vyake mwenyewe. Ilimba ya Wagogo, aliyoitangaza duniani marehemu Hukwe Zawose kabla ya kufariki mwaka 2003, ina mvumo mwembamba unaotetemeka pamoja na kila noti. Twita mbovu huufuta mvumo huo au kuugeuza mkwaruzo. Ngoma za muheme huonyesha kama besi inakoma kwa wakati au inavuma tu kama pipa tupu. Kwaya ya sauti nne huonyesha kama sauti ya pili na ya tatu zinatofautishwa. Na mwanakwaya mwenyewe akizungumza kupitia maikrofoni, wenzake wanaomjua watasema mara moja kama huyo ni yeye.

Kanuni ya sita, ambayo husahauliwa na wanaosifu vya kale, ni kukumbuka umri. Spika ya zamani inayosikilizwa leo si ile iliyotoka kiwandani. Ukingo wa sponji huoza na kumomonyoka baada ya miaka kumi hadi ishirini, na joto na unyevu huharakisha jambo hilo. Wa mpira na wa kitambaa hudumu zaidi. Vipuri vya saketi navyo huzeeka. Mtu anayedai kwamba spika yake ya mwaka 1980 inaizidi mpya, au mpya inaizidi, aseme kwanza kama ya zamani imekarabatiwa.

Nzuri kwa kazi gani?

Swali la mwisho ni kwamba spika nzuri ni nzuri kwa kazi gani. Mjini Kinshasa kundi la Konono Nambari 1, lililoanzishwa na Mingiedi Mawangu, lilipata umaarufu wa kimataifa kwa likembe, ndugu ya ilimba, iliyokuzwa kwa vifaa vya kuunda wenyewe na spika za honi za mtindo wa zamani. Sauti ilikwaruza, na mkwaruzo huo ukawa sehemu ya muziki wenyewe. Kwa kundi hilo, spika ya BBC isingefaa kitu.

Kwa Gulwe na vijiji vya jirani, tofauti kubwa zaidi mara nyingi iko katika kipimo kinachopuuzwa dukani: spika inatoa desibeli ngapi kwa wati moja, ikipimwa umbali wa mita moja. Kuongeza desibeli tatu kunahitaji umeme mara mbili, na kuongeza desibeli kumi kunahitaji mara kumi. Spika ya honi, ile yenye mdomo mpana kama tarumbeta, inaweza kutoa desibeli 100 au zaidi kwa wati moja. Ya boksi la nyumbani hutoa takriban 90 au pungufu. Maana yake ni kwamba honi yenye wati 10 hufikisha sauti sawa na boksi lenye wati 100.

Shughuli inapokuwa mbali na nguzo ya umeme, na chanzo ni betri ya gari ya volti 12, tofauti hiyo ni ya fedha. Kwa hesabu ya karatasi tu, bila hasara inayopotea ndani ya amplifaya, wati 100 ni zaidi ya ampia nane, wakati wati 10 hazifiki ampia moja. Na hewani sauti hupungua desibeli sita kila umbali unapoongezeka maradufu, hivyo spika ya desibeli 100 kwenye mita moja hubaki na 76 hivi kwenye mita 16.

Lakini honi ina gharama yake. Haina besi, na hotuba au tangazo la mnada husikika vizuri kupitia kwake huku ngoma ikisikika kama debe. Ukiisukumia besi kwa nguvu, utando wake mdogo utapasuka. Kwaya inayoimba kwa ngoma itahitaji boksi. Inayotaka mahubiri yafike ng’ambo ya korongo itahitaji honi. Wanaozitumia zote mbili kwa kazi tofauti hawana ubishi wa ipi bora.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, wajumbe wa kwaya wana maswali ya kumuuliza muuzaji ambayo ni muhimu kuliko wati. Je, koili na koni za kubadilishia zinapatikana, na kwa bei gani? Je, spika ya ndani imefungwa kwa skrubu au imegundishwa? Je, kipenyo chake ni cha kawaida, kama inchi 12 au 15, ili ikikosekana ya aina hiyo iingie nyingine? Je, ukingo wake ni wa sponji au wa kitambaa? Fundi anayefahamu kubadilisha koili naye atafutwe kabla ya spika kuharibika, wala si baada ya hapo.

Na zile za zamani zisitupwe. Sumaku na fremu ya chuma ni nadra kuharibika. Vinavyokufa ni koili, koni na ukingo. Vikibadilishwa, spika ambayo kiwanda kimeisahau inaweza kuimba miaka mingine mingi, ingawa kwa koni tofauti haitakuwa na sauti ileile ya awali.

Gulwe leo inapitiwa na reli mbili. Ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, wakati tuta la ile ya zamani bado linahitaji mafundi wa kulikarabati mto unapofurika. Kwaya yenye fungu la kununua spika mpya ingefanya vyema kutenga sehemu yake ndogo kwa ajili ya fundi wa zile za zamani.